Vijiti vya Kwapani

Kwenye basi la asubuhi, mbele yangu walikaa fundi wa kuchomelea vyuma, ovaroli yake imejaa matundu ya cheche, na mama mkwe wake. Fundi aliitikia "mama" kwa upole wa mtu anayejua ana kesi.

"Baba, mke wako ameniambia juzi umeme ulikutupa chini."

"Ulinigusa tu, mama. Hata geti nililimaliza."

"Ulikugusa, ukazimia! Na vijiti vya kuchomelea ulikuwa umeviweka wapi?"

Fundi akatazama dirishani. "Kwapani, mama. Mikono yote ilikuwa na kazi."

"Kwapani kuna jasho. Kijiti kikilowa, umeme utakosaje njia?" Akamgeukia. "Nilikupa binti yangu awe mke wako, si mjane wako."

Hapo nikainama kujifanya nafunga kamba za viatu, ingawa nilikuwa nimevaa kandambili.

Mama akatoa kapuni mfuko mrefu wa ngozi, wenye mkanda wa kiunoni, alioushona mwenyewe kutoka kwenye begi kuukuu. "Vikae humu, vikavu. Na glavu uvae."

Fundi akaugeuzageuza, akitabasamu bila kutaka. "Wenzangu watanicheka mpaka jioni."

"Wacha wacheke, mwanangu, mradi uwe hai kuwasikia."

Basi likasimama karibu na karakana. Fundi akainuka na mfuko wake mkononi. "Basi nitafikiria, mama."

"Fikiria ukiwa umeufunga," akajibu, akimsukuma mgongoni taratibu ashuke.