Mkate Uliovuka Ukuta

Ndugu zangu mliokuja kututazama, mimi Marhoon, mdogo wake marehemu, naanza na jambo ambalo yeye hakulijua mpaka anakufa, wala mimi sikuweza kumpatia jibu: nani aliyemrushia mkate wa kumimina juu ya ukuta.

Kaka yangu Harub bin Ghanim alizaliwa Wete, Pemba, tarehe 3 Aprili 1931, akasoma Kurani chuoni kwa baba yetu, kisha skuli hadi darasa la sita, na mwaka 1952 akaingia polisi Unguja, askari wa kawaida asiyepata hata utepe mmoja. Januari 1964 upande wake ulishindwa, akazuiliwa miezi mitano na wenzake, wakilala sakafuni na njaa, hadi asubuhi moja mkate ukaanguka uani, ungali moto, na nje ya ukuta ule hakukuwa na mtu ila walinzi wa upande ulioshinda. Wenzake waliogopa sumu, yeye akaumega, akala, akawagawia, na tangu siku hiyo hakumvumilia mtu aliyesema watu wa upande ule wote ni wabaya.

Alifika Maskati tarehe 20 Novemba 1964, akawa askari wa lango la ngome ya gereza, akajiwekea ada ya kuwapikia wafungwa mkate huo kila Ijumaa. Juni yake ya kwanza, hajalijua joto la hapa, aliliacha rojo la mchele, tui na iliki langoni liumuke kwa muda wa Unguja, likafurika, likajaza viatu vya mkubwa wake, na Sleyum wa Qantab, mwenzake wa zamu, akamwambia, "Yakhi, askari gani wewe, unanuka iliki!" Utani huo haukwisha.

Alimuoa Kheiria, Matrah, tarehe 12 Agosti 1966, wakajaaliwa Ishaq, 1967, na Sayyida, 1969. Machi mwaka huu aliugua ini, akafariki nyumbani alfajiri ya Jumatano, tarehe 7 Oktoba 1970, akiusia kwamba Ijumaa yake isikatike, na asitajwe aliyepika.

Ami yetu Mahfoudh alitaka sadaka iwe mbuzi na wali, jina la marehemu litangazwe, na nia yake ilikuwa njema, lakini Kheiria alituma neno kutoka edani kwamba wasia ni wasia, naye ami akacheka, akakubali.

Tunawashukuru madaktari wa Matrah, majirani waliotulishia watoto, na wenzake wa lango.

Basi ikaamuliwa wasia ufuatwe. Kheiria, ambaye eda inamzuia kutoka, alikoroga na kupika mkate, na jana Ijumaa Sleyum akaupeleka, na wafungwa walipomuuliza umetoka kwa nani, akajibu hajui, kwa hiyo nasi tuliosikia hapa tunaombwa tusijue.

Pumzika kwa amani, kaka, mkate umefika ungali moto.