Nusu ya Kidonge

Katika boti la kutoka Baraka kwenda Kazimia, mzee Alphonse, aliyeketi mbele yangu, alikuwa anacheka peke yake. Mama Fébronie, ambaye hawakujuana naye, akamuuliza kuna nini.

"Mama, mi nilishapasulisha mbao za sanduku ya kunizikia! Miezi tatu nakunywa dawa ya tansio, ile presha ya damu, haishuke. Kumbe ni mi mwenyewe: kila kidonge nakata, nusu namupa bibi yangu. Si tuko mwili moja? Leo muganga wa hospitali amesema nimeze yote, itashuka. Mbao nitatengeneza kitanda."

"Na bibi yako, anagonjwa nini?"

"Kizunguzungu tu. Muganga anasema naye akuje apimwe, dawa ya muntu ni ya muntu."

Mama Fébronie akaguna. "Miaka yote munakula sahani moja, leo utamunyima nusu ya kidonge?"

"Simunyime, mama! Ni muganga!"

"Haya. Utamwambia hivyo."

Nikageukia ziwa. Boti lile halikuwa na jaketi la kuokoa abiria, sembuse la kuokoa mume.

Tukagusa mchanga wa Kazimia. Mkewe alikuwa anamngoja pale pale, mkono mmoja umeshika kikombe cha maji, kiganja cha pili kimefunguliwa.