Mwalimu Ciakuthii na Kisasili cha Kinyonga

Ijumaa hii Mwalimu Ciakuthii anastaafu baada ya kufundisha Kiswahili kwa miaka thelathini na moja, yote katika shule yetu ya hapa Ishiara. Aliteremka kutoka Kibugu, kwenye baridi na majani chai, Januari 1994, akidhani angelivumilia joto letu mwaka mmoja tu.

Alichokipenda zaidi ni visasili, zile hadithi za kale zinazoeleza jinsi watu, milima na kifo vilivyoanza. Aliiga mlio wa fisi vizuri mno hata siku moja bawabu akaja mbio na rungu. Wanafunzi wake walifaulu, na wawili kati yao ni walimu wenzetu leo.

Hata hivyo, si wote waliomwelewa. Katika chumba cha walimu tulimuuliza visasili vina kazi gani siku hizi, wakati simu inamjibu mtoto kila kitu. Baadhi ya wazazi walisema anawarudisha watoto kwenye upagani. Yeye, aliyelelewa kanisani na asiyekosa ibada, aliwasikiliza, kisha akaenda darasani.

Jibu tulilipata Mei 2018, na si kwa njia ambayo yeyote angeitaka. Kagwiria, msichana wa kidato cha tatu, alichukuliwa na maji akivuka mto uliofurika kwenda nyumbani. Jumatatu wenzake waliketi darasani kimya. Mwalimu mkuu aliwaombea, akaondoka. Mimi, mwalimu wao wa biolojia, niliingia nikitaka kusema neno, nikaishia kufuta ubao uliokuwa safi.

Ndipo akaingia Ciakuthii. Hakuwaambia wajikaze. Aliwasimulia jinsi Mungu alivyomtuma kinyonga awaambie watu kwamba wakifa watarudi, na jinsi kinyonga alivyojikokota njiani, akafika akigugumiza maneno, hata ndege akamtangulia kusema kwamba wakifa hawatarudi kamwe. Mwiti, aliyekuwa akikaa dawati moja na Kagwiria, alisimama.

"Kwa nini hakuharakisha, Madam?"

"Watu wameuliza hivyo tangu zamani, Mwiti, na hakuna aliyejibiwa," alisema. "Lakini hawakuuliza wakiwa peke yao. Keti, tuulize pamoja."

Darasa zima lililia. Baadaye wakaanza kumtaja Kagwiria kwa jina, mmoja akikumbuka alivyocheka, mwingine alivyoimba vibaya, na hakuna aliyetoka kengele ilipolia.

Habari hizo ziliwafikia wazazi, kukaitishwa kikao cha kumhoji. Mutembei, babake Kagwiria na mzee wa kanisa, alikuja pia, na sote tulidhani amekuja kulalamika. Alikaa pembeni, kofia mikononi. Zamu yake ilipofika, alimwomba Mwalimu amsimulie yale aliyowasimulia watoto. Ciakuthii alisimulia hadi mwisho, kwa sauti ya chini.

Mzee yule akasema kwamba tangu mazishi kila mtu alikuwa akimweleza sababu ya kifo cha binti yake. Mwalimu huyu ndiye wa kwanza kukaa naye na kukiri kwamba hajui. Kikao kilivunjika bila uamuzi, na watu wakaondoka mmoja mmoja.

Ningependa kuandika kwamba tangu siku hiyo visasili vilipewa heshima yake. Havikupewa. Vipindi vya Mwalimu vya visasili vilipunguzwa mwaka baada ya mwaka, na muhula ujao vilivyobaki vinakwenda kwa somo la kompyuta, ambalo nalo tunalihitaji. Wa kuchukua nafasi yake hajapatikana. Msiba mwingine ukibisha hodi hapa shuleni, sijui tutamwita nani.

Asante, Mwalimu, kwa kuingia darasani siku ambayo sisi wengine tulishindwa. Rudi Kibugu salama, upumzike, ule chakula kikiwa moto, na usikose watu wa kukusikiliza.

Jamaldin, Idara ya Sayansi