Mama Mkasi Anaaga Meza

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Mkurugenzi wetu anastaafu. Aliingia hapa akipakia dadu kwenye visanduku, mbili kila kisanduku, na anaondoka akiwa mkuu wa kampuni nzima ya michezo ya mezani. Humu ndani tunamwita Mama Mkasi. Huko nje wapo wachezaji wanaomwita majina ambayo mhariri wa jarida hili amenikataza kuyaandika.

Basi tusimpake mafuta kwa mgongo wa chupa. Sifa zake zina wabishi, na kisa chenyewe nakijua kwa sababu nilikuwemo.

Miaka kumi na mmoja iliyopita, mbunifu wetu mkuu, tuliyemwita Profesa ingawa hakuwahi kufundisha hata darasa moja, alituletea mchezo wa misafara ya jangwani. Mchezo mtamu! Tatizo kanuni: kurasa tisini na mbili. Mhariri wa kanuni hizo nilikuwa mimi. Ukurasa wa arobaini wote ulieleza ngamia anayekohoa anapoteza zamu ngapi. Mama Mkasi alizisoma siku tatu, kisha akachukua mkasi, mkasi hasa wa chuma, akabakiza kurasa sita.

Profesa aliondoka wiki hiyohiyo. Mchezo ulipotoka ukagombaniwa kama mpira wa kona, na uvumi nao ukatoka: mama kamfukuza mzee wa watu, kamla kisha kamtema. Barua za matusi zikaja kwa magunia. Mchezaji mmoja alimtumia mkasi wa kadibodi ulioandikwa MUUAJI. Mama akauning'iniza juu ya meza yake, akasema umekatwa vizuri. Nusu yetu wafanyakazi tuliamini uvumi ule. Mimi nilimnunia miezi minne, na sidhani kama aligundua, maana salamu yake ilikuwa na sauti ya kututosha wote wawili. Tukimdadisi, jibu lilikuwa moja: "Kazi ipo mezani, wanangu."

Mwaka jana, kwenye mkutano wa wachezaji, alisimama kuhutubia watu mia tatu, na ukumbi ukaanza kumzomea. Ndipo mzee mmoja akainuka safu ya nyuma, akaja mbele taratibu, akaomba kipaza sauti. Profesa!

"Huyu mama hakunifukuza," alisema. "Niliondoka mwenyewe kwa hasira. Niliukana mchezo, nikamwambia afute jina langu kwenye kisanduku. Akakataa. Mlipoanza kumtukana nilinyamaza, kwa sababu, Mungu anisamehe, ilinipendeza."

Mtu akapaza sauti akimuuliza mama mbona naye alinyamaza.

"Ningesema baba wa mchezo kamkana mwanawe, nani angeununua?" alijibu. "Watu arobaini wangekosa kazi. Mimi ngozi yangu ngumu."

"Ila ngamia wangu ulimwonea," Profesa akasema.

"Apone kwanza kikohozi."

Watu walicheka hadi viti vikaanguka. Wale wawili walishuka jukwaani wameshikana mikono, bado wanabishana.

Kesho yake nilikwenda ofisini kwake na ukurasa mzima wa kuomba radhi. Akausoma, akachukua kalamu, akafuta aya tatu, akanirudishia. Lilibaki neno moja: Samahani. "Hilo linatosha, mwanangu," alisema, akaniagizia chai.

Si wote waliogeuka. Wapo wanaoapa mpaka leo kwamba kanuni ndefu zilikuwa bora, na hata sisi tunaompenda tunakiri kwamba mchezo wetu mwingine, ule wa visiwa, aliuharibu, tena aliuharibu kabisakabisa. Lakini wakuu watatu wa idara zetu leo walianzia chumba cha kupakia, kama yeye, na kila mmoja alifundishwa naye bega kwa bega, mashine kwa mashine. Mkuu wa uchapaji tangu Jumatatu hatajiwi jina la mama bila kutafuta leso, halafu anasingizia vumbi la karatasi.

Mama, ahsante kwa kubeba lawama zetu huku unaimba koridoni. Nenda ukalale mpaka jua likuchoke, ukatembelee ndugu uliowaahidi tangu zamani, ukawasumbue wajukuu kwa vicheko vyako. Afya tele na siku ndefu, mama yetu. Sisi tunabaki hapa, na atakayekusema vibaya atatukuta mlangoni.