Magdaline Wachuka Kingori, Wakala wa Bima Aliyerudi kwa Wateja Wake

Mama Griffins, kama tulivyozoea kumwita, alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 huko Kiganjo, mtoto wa nne wa marehemu Mzee Wamae na mkewe, marehemu Nyaguthii. Alisoma shule ya msingi papo hapo Kiganjo, akamaliza kidato cha nne mwaka wa 1984. Walimu walimjua kama mtoto asiyeweza kusema uongo hata wa kumwokoa na kiboko.

Mwaka wa 1988 alianza kuuza bima mjini Nyeri. Kazi hiyo ndiyo iliyomfikisha Kutus, kwa fundi wa kuchomelea vyuma aitwaye Dedan Kingori. Dedan alimwomba amweleze bima ya maisha wiki baada ya wiki. Siku ya ruracio, alipopeleka mahari mbele ya wazee, alikiri kwamba alikuwa ameelewa siku ya kwanza. Walifunga ndoa kanisani tarehe 8 Desemba 1990, na Mungu akawajalia Griffins na Shiku.

Baadaye Magdaline aliwauzia bima ya afya wengi wa wachuuzi wa soko la Nyeri. Machi 2021 corona ilimpata mmoja wao, Moffat, muuza viazi, akalazwa katika hospitali ya kibinafsi. Alipona, lakini hospitali haikumruhusu kwenda nyumbani kabla bili haijalipwa. Kampuni ya bima ilisema hailipii ugonjwa wa janga, na kwenye bili kulikuwa na gharama ya mavazi ya kujikinga ya kila muuguzi aliyemkaribia. Mkewe, Kagure, alifika langoni kwa Magdaline barakoa ikiwa kidevuni, akilia.

"Hii kadi si kampuni iliniuzia, Mama Griffins. Ni wewe."

"Ni ukweli, ni mimi," Magdaline akasema. "Ngoja nivae sweta twende."

Alishinda katika ofisi za kampuni siku baada ya siku, akiwaambia wakubwa wake kwamba habari hiyo ya janga hata yeye hakuwahi kuambiwa. Mwishowe walikubali kulipia dawa, oksijeni na kitanda. Mavazi walikataa katakata. Alirudi hospitalini akabishana hadi wakayapunguza, na yaliyobaki akayalipa yeye na Kagure. Moffat akaenda nyumbani.

Hakuishia hapo. Alizunguka kwa wateja wake wote, mlango kwa mlango, akiwaeleza kile ambacho bima yao haingelipa. Alijua anatia mchanga kitumbua chake mwenyewe. Wengine walimfokea, wengine wakaacha kumsalimia, na jambo hilo lilimuumiza sana. Mwaka uliofuata kampuni ilimnyang'anya uwakala, naye akageukia kulima mboga.

Oktoba 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya tumbo. Moffat ndiye aliyempeleka kwenye matibabu kwa pikapu yake, akimwekea mto kwenye kiti cha mbele. Siku moja Griffins alimuuliza mamaye kama aliijutia kazi ile ya bima.

"Iliniuma roho," akajibu. Kisha akaonyesha sebuleni, ambako watu wa soko walikuwa wamekuja kumjulia hali. "Lakini si unaona vile nyumba imejaa?"

Alituacha alfajiri ya tarehe 9 Mei 2025, nyumbani kwake, Dedan akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume wake Dedan, watoto wake Griffins na Shiku, wajukuu watatu, na dada yake Nyambura. Mungu ampe pumziko lenye amani, Wachuka wetu.