Evas Amestaafu, na Ripoti Kumi na Moja Nilizozifunga Mimi

Evas amestaafu! Mwanangu Evas, mtoto wa Bwera, ameweka chini kazi aliyoifanya miaka kumi kamili, tangu Novemba 2009 mpaka tarehe 30 Novemba 2019, na umri wake ni miaka thelathini na mmoja tu. Nitajieni mtu mwingine katika tarafa nzima ya Nyakiyumbu aliyestaafu akiwa na meno yote kinywani.

Sasa ndiyo niwasalimu. Hamjambo akina mama wa soko la Mpondwe, wa upande huu na wa ng'ambo ya mto Lhubiriha, kule Kongo. Hamjambo wazee wa chama chetu cha soko, na wote mnaosoma karatasi hii ikiwa imebandikwa mlangoni mwa ofisi. Ni mimi Feresita, Mama Evas, wa vitunguu, meza ya tatu kutoka kwenye mizani.

Katibu wetu Nobert alikataa kwanza. Alisema ukurasa wa wastaafu ni wa watu wenye ajira: mfagiaji, askari wa geti, karani wa ushuru. "Mama Evas," akasema, "huyu binti hana mwajiri, hana hata barua. Anastaafu kutoka wapi?" Nikamwambia, "Nobert, mimi nauza vitunguu miaka ishirini na sita bila barua. Siku nikiacha utasema nilikuwa napita tu hapa?" Akacheka, akanipa ukurasa. Aliniomba jambo moja: nisijisifu sana. Nobert, subiri. Nitajisifu mwanzoni, halafu mtaona wenyewe ninavyonyamaza.

Kazi ya Evas ilikuwa kutengeneza ile programu ya kuchezea video kwenye kompyuta, yenye alama ya kibatari. Sisi tunaiita Kibatari. Mnaijua: vibanda vya video vya Bwera vinaitumia, na Thembo wa duka la fotokopi anayo. Haiuzwi. Ndani yake kuko wazi kama jiko la msibani: anayejua kupika anaingia na kushika mwiko, na hakuna anayemuuliza ametoka ukoo gani. Wapishi wenyewe wametawanyika duniani, wanaongea kwa kuandikiana.

Evas aliingia jikoni humo akiwa mhudumu kwenye duka la intaneti Kasese, karibu na stendi ya teksi. Filamu za wateja zilikuwa na tatizo, maandishi ya chini yalichelewa. Mtu anapigwa kofi, maneno yake yanatokea akiwa ameshazikwa. Wateja walicheka. Evas hakucheka. Alitafuta kasoro ile wiki tatu, akaipata, akaitengeneza, akawatumia wenye jiko. Wakamjibu: asante sana, je, utatusaidia na nyingine?

Akasaidia na nyingine miaka kumi. Thembo amenihesabia kwenye mashine: kasoro elfu moja mia mbili na sita zimefungwa kwa jina la Evas. Video zilizogeuka kijani, sauti iliyotangulia midomo, picha iliyoganda ukirudisha nyuma. Mwaka 2013 wakamweka miongoni mwa watu wanne, wanne katika dunia nzima, wenye ruhusa ya kusema hili liingie na hili lisiingie. Kuna baba mmoja mwenye ndevu huko Brazili ambaye hawezi kubadilisha hata nukta bila kumwandikia mtoto wa Feresita "tafadhali". Habari hii nimewaambia wateja wangu wote, hata waliokuja kuulizia vitunguu tu.

Jeanine wa vitenge, jirani yangu wa meza, alikuwa hamwachi. Evas alipenda kukaa nyuma ya meza yangu mchana, soko likipoa, na kompyuta mapajani. "Mama Evas," Jeanine husema, "huyu mutoto iko na kazi gani? Kila siku niko namuona anaangalia filme moja, kipande moja, mara makumi mbili!" Nikamjibu ndivyo kazi ilivyo, anatafuta pale inapokwama. "Basi na mimi niko enjenyeri," akasema. "Filme ya ndoa yangu nimeiangalia mara mia, na bwana bado anakwama."

Mchana kama huo Evas alinisomea ripoti. Ripoti ni malalamiko: mtu yuko mbali, video yake imekataa, anaandika. Ikiwa wazi ina alama ya kijani. Evas akishamaliza, anaandika neno moja la Kiingereza lenye maana ya "imetengenezwa", anabonyeza, na kijani kinageuka chekundu. Mimi nilifika darasa la tano tu, lakini neno lile nililijua kwa macho, na kibonyezo nilikijua pia. Nilijivuna nacho. Sasa naona haya kukiandika.

Desemba 2015 Evas alishikwa na malaria. Tarehe 23 alikuwa amelala nyumbani, midomo imekauka, na kompyuta iko mezani wazi. Kila ripoti ilipoingia ililia mlio mdogo, na kila ilipolia alinyanyua kichwa. Nilimwambia alale. Akasema, "Mama, wananingoja." Akanyanyua kichwa tena, mpaka usingizi ukamshinda.

Nikakaa pale mezani. Nikaona kijani kumi na moja. Nikasema moyoni, hawa watu hawana Krismasi? Nikaandika neno lile, herufi kwa herufi, nikabonyeza. Mara kumi na moja. Zote zikawa nyekundu, kompyuta ikanyamaza, mtoto akalala. Nikaenda kumenya ndizi nikiwa najiona mama mwenye akili kuliko wote Bwera.

Alipopona alikuta watu wanalalamika: umeandika imetengenezwa, mbona bado? Evas akadhani ni homa, kwamba alizifunga mwenyewe na hakumbuki. Nilimwacha adhani hivyo. Kumi walilalamika, akawaomba radhi mmoja mmoja na kuwatengenezea. Wa kumi na moja hakulalamika, kwa hiyo Evas hakujua kwamba yupo.

Wa kumi na moja alikuwa Aaron, yule mpiga video wa Kasese. Agosti mwaka ule alipiga video siku ya kumkabidhi Yvette kwa wakwe zake, kule Kilembe. Yvette ni binti wa Teopista na marehemu Kosiya. Kosiya alipokuwa anahutubia, jenereta iliishiwa mafuta na kamera ikazimika kabla ya kufunga ilichorekodi, kwenye kadi ya kwanza. Walipowasha, Aaron akatia kadi ya pili, hotuba ikaendelea, jenereta ikazimika tena. Kadi zote mbili zikakataa kufunguka. Aaron akaziweka akisema atazishughulikia. Oktoba, Kosiya akafariki.

Mnakumbuka mto Nyamwamba ulivyofurika na kushuka Mei 2013. Ulichukua nyumba ya Teopista na albamu ya picha pamoja nayo. Sauti ya Kosiya ilibaki mahali pamoja duniani, ndani ya kadi zile mbili. Kwa hiyo Teopista alikwenda kwa Aaron, na Aaron, kwa kuwa ni mtu wa bidii, akawaandikia wapishi wa Kibatari: video iliyokatika umeme haifunguki, tafadhali saidieni. Jibu alilopata ni neno langu. Imetengenezwa.

Akaweka Kibatari kipya, akajaribu, zikakataa tena. Sasa angefikiri nini? Kama programu imetengenezwa, basi kadi ndizo zilizokufa. Akamwambia Teopista, "Mama, pole, imekufa." Januari kadi moja akaanza kuipigia harusi za watu wengine. Ile iliyobaki ilisahaulika ndani ya begi.

Agosti 2016 Aaron alikuwa dukani kwa Thembo akilalamika kwamba Kibatari ni cha uongo. Evas alikuwepo. Akatafuta ripoti ile, akaona jina lake chini yake. Alirudi nyumbani akanikuta nachambua maharage. "Mama," akasema, "ile Krismasi ya homa, uligusa kompyuta?"

Nikasema, "Niligusa kidogo."

Hakugomba. Laiti angegomba. Alikaa siku tatu na kadi iliyokuwa kwenye begi, akaifundisha Kibatari kusoma video ambayo haikufungwa vizuri, na siku ya tatu Kosiya akatoka. Dakika nne. Kadi nyingine aliihangaikia wiki nzima, lakini harusi tatu zilikuwa zimekaa juu yake.

Tulikwenda Kilembe pamoja, mimi na yeye, kupeleka dakika zile nne. Kosiya anaonekana kashika kofia, anakohoa, anawatania wakwe kwamba mbuzi wao mmoja ana sura ya kuazimwa. Halafu anashukuru watu mmoja mmoja. Padri, wajomba, majirani wa juu mlimani waliowapokea baada ya mafuriko. Anafika kwa shemeji zake, na hapo inakatika. Alikuwa bado hajamfikia mke wake. Waliokuwepo wote wanasema alimsifu Teopista mpaka wakwe wakapiga makofi wamesimama, ila hakuna anayekumbuka maneno yenyewe. Yalikuwa kwenye kadi ya pili.

Teopista aliangalia mara mbili. Kisha akamgeukia Evas, kwa upole, si kwa hasira. "Mwanangu," akasema, "kwa nini uliandika imetengenezwa?"

Evas akapiga magoti. "Nisamehe, mama. Jina pale ni langu. Nilikosa."

Mimi nilikuwa nimekaa pembeni na soda mkononi. Nikanywa.

Tangu siku ile mmemsema Evas, na mimi nimewasikia. Mlisema anawatengenezea wazungu, jirani yake anamfungia ripoti. Anaandika uongo kisha analeta dakika nne. Jeanine peke yake aliniuliza usoni: "Mama Evas, wewe iko unasema sana juu ya mutoto. Leo mbona kimya?" Nikamwambia jino linaniuma. Jino hilo limeniuma miaka mitatu.

Yeye hakujitetea hata siku moja. Kule jikoni kwao aliandika waziwazi, watu wa dunia nzima wasome, kwamba alifunga ripoti bila kuiangalia. Nilidhani amesema hivyo Kilembe tu. Mwezi uliopita nilimwomba Thembo anichapishie sifa za Evas nizitie hapa, na kati ya karatasi alizonichapishia ilikuwemo hiyo. Aliponisomea, nilimwambia aisome tena, kisha nikamwomba aniache nikae kidogo kwenye benchi lake.

Wenzake hawakumfukuza. Walikubali pendekezo lake kwamba asifunge mtu ripoti peke yake, lazima mwingine aijaribu kwanza. Na ile dawa aliyoitengeneza kwa ajili ya Kosiya imebaki ndani ya Kibatari mpaka leo. Kamera ikizimika Kisumu au Brazili, video inafunguka. Wako wajane wengi huko duniani wanasikia sauti za waume zao kwa sababu hiyo, na hawamjui Evas, wala hawajui kilichotokea kwetu.

Anastaafu kwa hiari. Macho yanamuuma, na amepata kazi ya kufundisha kompyuta Kasese kuanzia Januari. Ufunguo wa jiko lile amewakabidhi wawili aliowafundisha mwenyewe. Yule baba wa Brazili aliandika kwamba jikoni kutakuwa na baridi. Evas alinisomea, kisha akafunga kompyuta taratibu kama mtu anayefunika chungu.

Evas, hujaisoma karatasi hii. Utaisoma mlangoni kama wengine, na najua utasema, Mama, ulikuwa na haja gani? Nilikuwa nayo. Kwa miaka kumi asante, na kwa hii mitatu uliyoibeba mahali pangu, sina neno la kutosha. Mungu akupe macho mazuri, wanafunzi wasikivu na mchana mrefu usio na mlio. Chama chote kinakuombea hayo, na mama yako anatangulia.

Na nyinyi mliomsema, rudisheni maneno yale, mnipe mimi. Ni yangu. Aaron, na wewe nisamehe, kadi yako haikuwa imekufa.

Mama Yvette, Teopista dada yangu, kwenye sherehe ya kumuaga Evas kazini kiti chako nimekiweka mbele, karibu na changu. Swali lile ulimuuliza asiyestahili kuulizwa. Njoo uniulize mimi, mbele ya watu wote, na safari hii sitakuwa na soda mkononi. Ni nyumbani kwetu Bwera, saa nne asubuhi, Jumamosi, tarehe 14 Desemba 2019.