Treni kwa Bei ya Mpira

Benchi letu liko nje ya kibanda cha Kisigino, fundi viatu. Lina miguu mitatu. Wa nne ni tofali. Hapo ndipo mimi, fundi saa ambaye sijawahi kufika popote kwa wakati, hukutana na wenzangu kila alasiri kutatua matatizo ya watu wengine. Yetu huwa hatuyapatii nafasi. Siku hiyo kazi ilikuwa kubwa: daktari wa macho, yule mwenye ghorofa na magari mawili, alikuwa amekamatwa kwenye duka la vitu vya watoto. Alibandua lebo ya bei kwenye kimpira, akaibandika kwenye boksi la treni ya betri, akaenda kaunta kulipa. Aliyemshika ni keshia, mtoto wa dada yake Kisigino.

— Boksi lenyewe kubwa, mbuzi analala ndani na kugeuka, alisema Redio, muuza magazeti anayesoma vichwa vya habari tu. Mashine ikaandika “mpira mdogo mwekundu”. Binti akatazama mashine, akatazama boksi, akamtazama daktari. Daktari akamwambia, “Mashine ndiyo inayojua, mwanangu.”

— Na kwenye gari lake walikuta nini? niliuliza, ingawa nilikuwa nimeshasimuliwa mara mbili.

— Maboksi tisa. Yote kwa bei ya mpira. Hata hayajafunguliwa.

Bibi Kahawa, anayetuuzia kahawa na kutugawia methali bure, akatikisa kichwa.

— Wahenga walisema, mtoto akililia wembe, mpe.

— Mtoto gani, Bibi? Watoto wake wana ndevu.

— Basi damu nzito kuliko maji.

— Hiyo inaingilia wapi?

— Itaingia tu. Kunywa kahawa.

Kisigino alikuwa anashona soli ileile tangu tukae.

— Yule ni daktari wangu, nilisema. (Alinipima macho mara moja, miaka sita iliyopita, akaniita kwa jina la mgonjwa aliyekuwa akinifuata.) Si mwizi yule. Ule ni ugonjwa. Upo, una jina refu.

— Jina gani?

— Refu.

Redio hakuridhika.

— Utotoni alichezea makopo yule. Utoto usiochezwa haulali, jamani. Unamsumbua mtu mpaka mvi.

— Sote tulichezea makopo, alisema Kisigino bila kuinua kichwa.

— Ndiyo maana wewe ni fundi viatu na yeye ni daktari.

Hakuna aliyeelewa, lakini tuliitikia kwa vichwa, kwa sababu sauti ilikuwa nzito.

— Mimi naona ni utafiti, alisema Bibi Kahawa. Daktari wa macho yule. Anazunguka madukani kupima makeshia, nani anaona na nani haoni.

Sikutaka kushindwa na muuza kahawa. Nikasema treni zile zina sumu kwenye rangi, daktari ameigundua kwa vyombo vyake, na alikuwa akiziondoa dukani kimyakimya ili kuokoa watoto wetu. Nilipomaliza, daktari alikuwa shujaa na duka ndilo lililostahili kushtakiwa.

— Mficha uchi hazai, akaniunga mkono Redio.

Kisigino akaweka kiatu chini.

— Mke wake alikuja asubuhi. Alikaa hapo ulipokaa. Anataka binti aseme kesho, mbele ya meneja, kwamba hakuona vizuri. Daktari atampima bure, ampe miwani, na cheti cha kuonyesha macho yake ni mabovu.

— Macho yenyewe yakoje?

— Anaona sisimizi ng'ambo ya barabara.

— Ukamjibu nini huyo mama?

— Nilimpigia brashi viatu. Sikujua mikono niipeleke wapi.

Halafu mimi, kwa busara zangu, nikasema miwani ya bure si kitu kibaya, na kwamba mtu mkubwa kama yule akianguka, aibu ni ya mtaa mzima. Redio akakubali. Bibi Kahawa akasema kheri nusu shari kuliko shari kamili, na kwa mara ya kwanza methali yake ikakaribia kuingia.

Binti akatokea hapo hapo, na sare ya duka mwilini, anatembea kama mtu aliyesimama kutwa.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu. Kaa, alisema Kisigino, akamsogezea kigoda chake. Hawa wanakutafutia miwani.

Tukaona haya, tukaanza kumweleza. Redio akamsimulia makopo, Bibi Kahawa utafiti, mimi ugonjwa. Sumu niliiacha. Binti alisikiliza kwa adabu huku akivua viatu na kujikanda nyayo.

— Mjomba, alisema, mwaka jana mwenzetu, mama mmoja wa stoo, alitoka na mdoli mmoja kwenye mkoba. Mwanawe alikuwa anatimiza miaka minne. Walimpitisha njia hii, katikati ya askari wawili, nanyi mlikuwa mmekaa hapa. Yeye mlisema anaumwa nini?

Redio akafungua gazeti, akalisoma ndani, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Bibi Kahawa akasuuza vikombe vilivyokuwa safi. Mimi nakumbuka nilichosema siku ile. Nilikisema kwa sauti ili yule mama asikie, na alisikia, maana aligeuka akanitazama.

— Kesho saa ngapi? aliuliza Kisigino.

— Saa tatu.

— Nitakusindikiza. Utasema ulichokiona.

Akakusanya sindano na nyuzi zake, akafunga kibanda jua likiwa bado juu. Binti akavaa viatu, mjomba akamchukulia mkoba, wakaondoka. Sisi watatu tulibaki kwenye benchi, kila mmoja akingoja mwenzake aanze kusema.